Nyangumi wa Omani hawahami bahari yao

Leo nimetoka kazini mapema nikapita kwa shoga yangu, yule ambaye kazi yake ni kukaa kutwa na hedifoni akisikiliza bahari. Hua namtania analipwa kwa kusinzia, leo kanambia haya njoo usinzie na weye, akanivika hedifoni.

Mwanzo nyangumi humsikii kabisa. Unasikia mchakacho mtupu kama maandazi yanavyochemka ndani ya karai, nikamuuliza hii mashine imeharibika au? Kacheka. Kumbe ni kamba wadogo wanaobana gando likalia pa! na hawanyamazi usiku wala mchana. Chini ya mchakacho kuna ngurumo nzito imekaa tu haiondoki, hiyo meli, hata kwenye leptopu unaiona imechora mistari iliyonyooka. Halafu ikaja sauti yenyewe, inapanda, inakatika, inashuka na kukoroma, inarudia vilevile, tena na tena, mwili ukanisisimka.

Huyo ni nyangumi nundu. Sasa Unguja watu washazoea, kusi likivuma nyangumi wanapita Kizimkazi na Nungwi, wanatoka huko kwenye barafu ya kusini wanakuja kuzalia maji ya moto kisha wanarudi. Hawa wa Omani ni wengine kabisa, hawaendi huko barafuni, mwaka mzima wako Bahari ya Arabu. Manake huku upepo huohuo wa kusi, ambao msimu wake Salalah, kusini mwa Omani, wanauita kharif, unasukuma maji ya juu na yale ya baridi yanapanda toka chini na chakula tele, sasa mtu ahame aende wapi? Wanasayansi walipopima vinasaba vyao waliona wametengana na wenzao kama miaka 70,000. Na ni wachache jamani. Picha za mikia zilizopigwa kati ya 2000 na 2004 (kila mmoja mkia wake una alama zake) zilitoa makadirio ya nyangumi 82, basi. Meli za Urusi ya Kisovieti zilipita Bahari ya Arabu 1966 zikaua 242, kwa siri, na ukweli ulikuja kujulikana miaka mingi baadaye. Hiyo hesabu hua inanikera kila nikiikumbuka, 242 kwa 82.

Ndo hapo kinasa sauti cha chini ya bahari kinapoingia, hicho kilichorekodi nilichosikia. Wakati wa kharif bahari ya Dhofar, huko huko Salalah, inachafuka, mawimbi kama majumba, nani atatoka na boti kwenda kutafuta mkia? Lakini kile kidude kimefungwa chini huko na betri zake, miezi mizima, kinaandika kila kinachopita, na majini sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, kwa hiyo nyangumi anasikika kutoka mbali ambako macho hayafiki hata siku ya shwari. Kikitolewa kinakuja na mwani na magamba kimeota kila mahali, wanakikwangua, wanahamisha mafaili, kinarudi chini.

Na kuna jambo lililotokea ambalo mie naliona kubwa kuliko lilivyosemwa. Wakiwa wanasikiliza hao nundu, vinasa vya Omani vikanasa wimbo wa nyangumi buluu ambao ulikua haujulikani, na mtafiti Salvatore Cerchio akautambua kwa sababu alishaukuta 2017 upande wa Madagaska. Nyangumi buluu wanajulikana kwa wimbo, kila kundi lina wake, kwa hiyo 2020 wakatangaza kwamba huenda hili ni kundi jingine kabisa. Mnyama mkubwa kuliko wote duniani, yuko hapo nje, na kilichomtoa ni sikio.

Ila nina shaka yangu na nikamwambia. Kwa nundu wanaoimba ni madume. Jike akipita na mtoto wake kimyakimya kinasa hakina habari nae, utafungua faili la usiku mzima ukute kamba na meli tu, useme hamna kitu, na kumbe wamepita. Akakubali, akanikumbusha habari ya Luban. Huyo ni jike aliyewekwa kifaa cha setilaiti huko Ghuba ya Masirah mwaka 2017, akaikata bahari yote mpaka India, safari ambayo hakuna aliyewahi kuiona kabla, na kwa kusikiliza pekee tusingeijua milele. Kwa hiyo ukiniuliza mie, kinasa kinajua kusema "yupo", kusema "hayupo" hakiwezi, na mtu wa bandari au wa kampuni ya mafuta akikuletea rekodi ya kimya kama ushahidi mwambie akae kitako.

Kule Boston, Marekani, kuliwekwa maboya ya kusikiliza nyangumi aina nyingine iliyokaribia kwisha, akisikika tu meli za gesi zilikua zinaambiwa punguza mwendo hadi maili 10 za baharini kwa saa. Nikamuuliza basi na Duqm si tufanye hivyo, bandari kubwa ile na Masirah iko palepale? Akanambia meli ni nusu tu ya shida, nyavu za jarife ndo zinawanasa na wavu haupigi kelele, hapo maboya yatasaidia nini? Sikua na jibu. Tumebishana mpaka magharibi, akafungua mafaili ya mwezi wa pili yaliyonaswa visiwa vya Hallaniyat, huko huko Dhofar, nimemwacha nayo nikarudi kupika.