Pedali Ngumu, Gari Halisimami

Juzi fundi alitoa hewa kwenye mfumo wa breki, na tangu hapo pedali imekuwa imara chini ya mguu wangu, nami nikaamini kwamba gari sasa lingesimama upesi zaidi.

Leo jioni, nikiteremka Salgaa kuelekea Nakuru huku mvua ikinyesha, trela iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla.

Nilikanyaga.

Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini gari liliendelea kuteleza hadi nikaweza kusoma nambari ya trela ile, iliyokuwa imefunikwa nusu na tope.

Breki zilikuwa zimekamata magurudumu barabara. Matairi yangu yaliyolika ndiyo yaliyoshindwa kushika lami, na jambo hilo mguu hauwezi kulihisi mapema.

Bado natetemeka.

Ndugu zangu, ninyi mlikagua matairi lini?