Siku ile Nangwanda

Jana jioni narudi kutoka dukani, salfa, ile dawa ya mikorosho, bado imenishika kwenye nyusi, namkuta mwanangu Babu kakaa kibarazani na bibi yake, mama yangu mimi. Mama anasafisha ming'oko, vile viazi vya porini. Hata viatu sijavua.

"Baba, bibi anasema siku ile uwanjani Nangwanda uliwashinda wote mbio. Ulifunga ngapi?"

Nikamwambia akaoge kwanza. Kuoga kuna faida nyingi kwa mzazi asiye na jibu.

Mnaonijua mnajua huwa sizungumzii mpira wangu. Si siri, ni kwamba hauna urefu. Misimu miwili Ligi Kuu, timu ya huko bara ambayo siitaji, maana mshahara wa miezi mitatu bado nawadai na sitaki waseme nawachafua. Dakika zangu zote za ligi ukizijumlisha hazifiki mechi moja. Halafu goti, halafu kijiwe, halafu duka. Watu husema fulani katundika daluga. Zangu zimetundikwa kweli, kwenye msumari wa stoo, juu ya mifuko ya salfa.

Lakini siku anayoisema Mama ilikuwepo.

Ilikuwa 2015, mabibo yameanza kuanguka. Ndanda, timu ya kwetu Mtwara, walikuwa kwenye msimu wao wa pili tu Ligi Kuu na mji mzima ulikuwa bado na homa ya Wana Kuchele, kama walivyoitwa. Tulikuwa tunakwenda kucheza nao. Basi letu lilitoka Dar alfajiri, tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Mnazi Mmoja, na kadiri mikorosho ilivyozidi dirishani ndivyo nami nilivyozidi kuongea, mpaka wenzangu wakaniomba ninyamaze.

Uwanja wetu una jina la Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa enzi za TANU. Utotoni tulilichezea sana jina hilo. Ulienda uwanjani? Nimeenda. Umeona nini? Sijaona. Mama yeye alikuwa hajaona kweli, hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira maisha yake yote. Siku hiyo aliacha biashara yake ya ming'oko pale stendi, akajifunga kanga mpya, akaja na mama mdogo. Wakakaa mzunguko, katikati ya mashabiki wa Ndanda, wao wawili tu wanashangilia wageni.

Kikosi kilikuwa cha watu 18. Mimi nilikuwa wa 18.

Dakika ya 55 hivi kocha msaidizi akanigusa bega. "Kapashe."

Nikavaa kizibao juu ya jezi, nikaenda kule kwenye kibendera cha kona, upande uleule aliokaa Mama. Nikaanza taratibu kama tulivyofundishwa: magoti juu, visigino nyuma, nenda, rudi. Mara nasikia sauti. Ni sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja wakati basi limeshawasha injini. "Huyooo! Huyo wangu mimi!" Sikugeuka, mchezaji hageuki. Ila safari iliyofuata niliongeza mwendo kidogo. Na sauti ikaongezeka. Nikaongeza tena.

Mpira wenyewe ulikuwa unachezwa hatua chache kutoka nilipo, na Mama alikuwa hauangalii kabisa. Yeye macho yake kwangu: nikienda anakwenda nami, nikirudi anarudi nami, kama anayetazama mtoto kwenye bembea. Shabiki mmoja wa Ndanda nyuma yake akamwuliza, kwa utani nadhani, "Mama, huyu wenu ana mbio, mbona hawampi mpira?"

"Wanamwogopa," Mama akajibu.

Enzi hizo sabu zilikuwa tatu, hizi tano zimekuja na korona. Ya kwanza ikaenda kwa majeruhi. Ya pili akaingia kiungo. Kila ubao ukiinuliwa nilikuwa navuta soksi, nachomekea jezi, namtazama kocha kisogo, maana kocha hakugeuka hata mara moja. Dakika ya 86 nikaona mwamuzi wa akiba anasogea na ubao wake, nikavua kizibao. Nikakivua kabisa, nikakishika mkononi. Akaingia beki.

Nikakivaa tena.

Hapo ndipo ningerudi benchi. Sabu zimekwisha, napashia nini? Lakini Mama alikuwa bado anaita. Basi nikaendelea. Dakika zile nne na za nyongeza nilikimbia huku hakuna tena njia ya kuingia uwanjani, na sijawahi kukimbia vile, si kabla wala baada. Kocha msaidizi alinitazama kama anayetazama mtu aliyepigwa na jua la kichwa. Filimbi ya mwisho ilinikuta nimeinama, mikono magotini, nahema kuliko wale waliocheza dakika 90.

Matokeo hayana kazi hapa.

Getini nikamkuta ananingoja. Shikamoo mama. "Marahaba baba. Umewaonyesha! Wale wenzio kazi yao kugombania mpira mmoja, wewe hakuna hata mtu aliyekugusa."

Nikatafuta pa kuanzia. Nikamtazama mama mdogo, naye akatazama pembeni. Mama akanipa mfuko wa ming'oko na chumvi yake ya pilipili imefungwa kwenye karatasi. Nikasema ahsante. Kwenye basi wenzangu wakauliza hii ni mizizi ya dawa gani. Tulipofika Mnazi Mmoja mfuko ulikuwa mtupu.

Sijamsahihisha mpaka leo. Mwanzoni niliona aibu, baadaye nikawa nimechelewa. Habari ile imeshapita misibani na harusini, wapo watu wazima kule Mikindani wananipisha njia kwa ajili ya mechi ambayo sikuingia.

Ila kuna jambo. Mwaka 2022, siku Moroko ilipoitoa Ureno kwenye Kombe la Dunia, Mama alikuwa sebuleni kwangu. Kamera ikawaonyesha wachezaji wenye vizibao pembeni ya uwanja. Akauliza, "Na wale wanaokimbia kule, wanamkimbiza nani?"

Nikamwambia wanapasha, wanangoja zamu.

Akakaa kimya kidogo. "Na zamu isipofika?"

"Ndiyo basi."

Akatazama mechi mpaka mwisho, hakuuliza tena. Nikajua imekwisha, nikajisikia mwepesi na mwizi kwa pamoja. Wiki ileile nikamsikia uani anamsimulia jirani habari za Nangwanda, na mbio zangu zilikuwa zimeongezeka.

Babu akatoka bafuni anachuruzika maji, swali bado analo.

"Sikufunga," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Mpira haukunifikia."

Akamgeukia bibi yake, kama anayekata rufaa. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika mng'oko mmoja, anaukwangua udongo kwa kucha.

"Si nilikwambia, mume wangu," akasema. "Walikuwa wanamwogopa."