Leo ziwa lako likoje?

Miaka yangu ya mwanzo ya ualimu, mtoto akiniambia "Mwalimu, tumbo linaniuma," nilikuwa na majibu mawili tu: nenda zahanati, au rudi ukae uache visingizio. Nafundisha shule ya msingi ya serikali kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na darasa la tatu, watoto 104 katika chumba kimoja. Kwa wingi ule sikuwa najiuliza tumbo la nani linauma kwa sababu gani.

Niseme mapema kwamba tumbo la mtoto wa huku si la kupuuza. Watoto wetu wanaoga ziwani, wanafulia ziwani, wanachota maji ziwani, na kichocho cha tumbo tunacho. Kwa hiyo mpaka leo hatua yangu ya kwanza ni ile ile: nauliza kama amekula, maana wengine hutoka nyumbani bila hata chai, halafu namwambia mzazi ampeleke zahanati akapimwe choo. Mwalimu anayekimbilia kusema "huyu ana mawazo" kabla ya kupima anaweza kumwacha mtoto na ugonjwa wenye dawa. Lakini kulikuwa na matumbo yaliyopimwa yakakutwa safi, yakatulizwa kwa uji, na kesho yake asubuhi yakauma tena.

Mmoja wa watoto hao alikuwa mvulana wa miaka tisa. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa anachelewa karibu kila siku, anaingia wakati wenzake wameshamaliza usafi na mstari umevunjwa, miguu ina mchanga mpaka magotini. Akikaa, macho yako nje. Siku moja nilimchapa fimbo mbili mbele ya darasa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Mimi sikuwa mwalimu mkuu, wala sikuwa nimeteuliwa, wala sikuandika popote. Nilichapa tu, kama nilivyozoea kuona. Hakulia. Kesho yake alichelewa zaidi.

Jumamosi nikaenda kwao. Nilimkuta bibi yake anaanika dagaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kuna nini tena huko shule?"

Nikamweleza. Akaweka ungo chini. "Mwalimu, mtoto huyu halali. Upepo ukivuma usiku anaamka, anakaa mlangoni. Alfajiri anashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, haondoki mpaka auone mtumbwi wa baba yake. Mama yake amemchapa, na mimi nimemchapa. Mwaka juzi baba yake mdogo alizama. Walivyomleta ufukoni, mtoto alikuwa amesimama pale pale."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa naikumbuka Ijumaa moja ya Septemba 2018. Alhamisi yake, tarehe 20, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Darasani kwangu kulikuwa na watoto wenye ndugu Ukerewe na Ukara. Nyumba zao zilikesha kwenye redio na simu. Mimi Ijumaa ile asubuhi niliingia, nikaandika tarehe ubaoni, nikafundisha kutoa kwa kukopa. Sikusema neno. Na si kwamba sikujua inavyokuwa: Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama nilikuwa mwanafunzi hapa hapa Mwanza, na nakumbuka walimu wetu walivyokuwa wananyamaza kila tukikaribia, wakati wengi waliokufa wanazikwa Igoma na sisi watoto tunajua kila kitu. Nilikua nikiamini kwamba mtu mzima huwa hasemi mambo hayo mbele ya mtoto.

Jumatatu nilimwita yule mvulana, lakini sikumwita ofisini, kwa sababu shuleni kwetu kuitwa ofisini maana yake ni fimbo. Nilimkuta kwenye mapipa ya maji. Nikamwambia, "Nilikuchapa nikiwa sijui unatoka wapi. Nilikosea. Nisamehe." Alitazama miguu yake muda mrefu, kisha akasema, "Mtumbwi wa baba una rangi ya kijani mbele." Tukakubaliana: akimaliza kupiga mswaki aje moja kwa moja shule, na mimi nitamhamishia dawati la dirishani, lile ambalo mwalo wote unaonekana. Mwenzangu mmoja alinishangaa. Mtoto haangalii ubaoni, wewe unamweka dirishani? Lakini nilishaona kwamba macho yale yangetafuta ziwa hata ningemfungia stoo. Alipojua kwamba kutoka dawatini ataona, aliacha kuchelewa. Anasoma, anainua shingo, anasoma. Mtumbwi wa kijani ukionekana anashusha mabega, na kuanzia hapo ni mwanafunzi kama wengine. Kuna siku ni saa moja na nusu, kuna siku ni saa tatu.

Nikaanza kujiuliza: wako wangapi?

Nilichukua daftari dogo, nikawa naandika kila siku nani kalala darasani, nani kapigana, nani kalia, nani tumbo. Baada ya miezi miwili mpangilio ukajitokeza, na sikuwa nimeutarajia. Ulikuwa unafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu na wanakaa nyumbani siku kadhaa. Siku za giza, watoto wangu walikuwa na usingizi na matumbo. Siku za mbalamwezi, baadhi yao walichangamka kupita kiasi kwa kuwa baba yupo na kuna hela, na wengine, wa nyumba ambazo hela ya dagaa huishia kilabuni, walikuja wamenyamaza au wakampiga jirani kwa sababu ya penseli. Tangu hapo nachora duara la mwezi pembeni ya kila tarehe. Mwalimu wa Bariadi au Kahama ana kalenda nyingine, labda ya pamba, labda ya machimbo. Ya kwetu ni hii.

Kujua mpangilio hakukunipa njia ya kumfikia mtoto mmoja mmoja. Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya. Niliweka ndoo mbili mlangoni, ya kijani na nyekundu, kila mtoto na kizibo chake cha soda chenye namba. Ukiwa sawa dondosha kwenye kijani, ukiwa na jambo dondosha kwenye nyekundu. Siku ya tatu nikasikia uwanjani wanamwimba msichana mmoja: "Nyekundu! Nyekundu!" Nilizitoa ndoo siku hiyo hiyo, nikamtafuta yule msichana, nikakaa naye.

Kilichofaa kilitoka kwenye kitu ambacho tayari nilikuwa nakifanya: kusahihisha. Daftari la mtoto linaonwa na mwalimu peke yake. Nikawaambia, ukurasa wa mwisho wa daftari la Kiswahili ni wa ziwa lako. Jumatatu na Alhamisi, dakika tano, kila mtu achore mtumbwi wake, halafu achore maji ya siku hiyo. Limetulia, lina mawimbi, au limechafuka. Hakuna kuandika sababu. Hakuna maksi. Anayetaka kuongea na mwalimu achore mtu ndani ya mtumbwi.

Sikuwauliza "unajisikiaje", kwa sababu nilishawahi, na darasa zima liliitikia "Vizuri, mwalimuuu!" kama tulivyowafundisha. Tena wengi wao Kisukuma ndicho walichoingia nacho darasa la kwanza, na Kiswahili chao cha shule kina maneno ya ng'ombe, embe na kuzidisha, maneno ya uchungu ni machache. Lakini ziwa lililochafuka kila mmoja analijua kwa macho yake. Wiki ya kwanza nilihesabu watu tisa ndani ya mitumbwi. Sikuweza kuongea na tisa kwa siku moja. Niliandika chini ya kila mchoro, "Nimeona. Tutaongea Jumatano," na nikajifunga kuitimiza hiyo Jumatano, hata siku ambayo mwili ulikuwa unataka kwenda nyumbani.

Mazungumzo yenyewe nayafanya kwenye bustani ya mchicha nyuma ya choo cha walimu. Tunapalilia. Mtoto akiwa na kazi mkononi, hajatazamana na mwalimu uso kwa uso, maneno yanatoka. Nauliza kitu kimoja tu, kisha nanyamaza na kung'oa magugu. Mara nyingi hakuna cha kutatua. Msichana mmoja alitaka kuniambia tu kwamba dada yake kaolewa Sengerema na sasa analala peke yake kwenye mkeka. Nilimsikiliza mpaka mwisho wa tuta. Alhamisi yake maji yake yalikuwa na mawimbi madogo.

Mara moja mtoto aliniambia jambo ambalo bustani haitoshi. Sitalieleza. Nitaeleza nilichofanya, kwa ajili ya mwalimu atakayekutwa nalo. Sikumwahidi kwamba itakuwa siri yetu; nilimwambia nitawaambia watu wachache ambao kazi yao ni kumlinda. Sikumhoji mara mbili mbili. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Sikumwita mzazi kwanza, ingawa ndivyo tulivyozoea, kwa sababu sikujua nani nyumbani anahusika. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, tukampata afisa ustawi wa jamii, na jambo likafika dawati la jinsia na watoto polisi. Namba ya bure ya kusaidia watoto, 116, nimeiandika kwa rangi nyuma ya mlango wa darasa, pale wanapoiona wakiwa wanatoka.

Upepo ukivuma usiku, sianzi tena na somo la ratiba. Tunatoka nje, tunasimama kwenye miamba ile ya uwanjani, tunahesabu mitumbwi inayorudi. Wanaandika idadi kila dakika kumi, wanajumlisha, wanachora grafu ya nguzo. Ni hisabati halali kabisa. Niliogopa sana jambo moja: itakuwaje siku mtumbwi usiporudi? Siku hiyo ilikuja, Aprili. Baba wa mtoto wa darasa la tano. Watu wazima mwaloni walianza kumwambia mtoto "baba amesafiri". Tulikutana walimu dakika kumi, na mwalimu mkuu, ambaye mwanzoni aliona mambo yangu ya mitumbwi ni kupoteza muda, alisimama mstarini na kusema kwa sauti ya kawaida: "Mtumbwi mmoja haujarudi. Watu wanautafuta. Tukijua, tutawaambia." Akamwomba mwalimu mmoja akae na yule mtoto mpaka mama yake afike. Watoto 800 hivi walisimama kimya, na sikusikia hata mmoja akinong'ona. Mwili ulipatikana siku ya pili. Darasa lake lilikwenda msibani na walimu wao, wakakaa kwenye mkeka na mwenzao.

Yule mvulana wa dirishani siku ile alikuja kwangu wakati wa uji, bila kuitwa. Akasema mtumbwi wa baba yake umefika saa kumi na mbili, ameuona. Kisha akauliza kama yule wa darasa la tano anaweza kukaa kwenye dirisha lake, akirudi shule, hata kama si darasa lake. Tulimruhusu. Alikuja mara nne, akakaa, akatazama maji, akaondoka.

Fimbo sikuigusa tena. Wakati naandika haya ni saa moja jioni, usiku wa giza, mwezi umekwisha. Mitumbwi imeshashuka, taa zao zinaonekana mbali kama mji mwingine juu ya maji. Madaftari 57 nimeshayapitia, yamebaki mengine. Upepo umeanza kusukuma bati la jikoni. Kesho tutaanzia nje.