Kuweka paketi za R kwa terminali, kutoka Mwanza hadi Nansio

Takwimu za uvuvi zikibaki kwenye daftari hazimfaidii mvuvi. Ndiyo maana nilijitolea kuwafundisha makatibu wa BMU (vikundi vya kusimamia mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki) kisiwani Ukerewe kutumia R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ni ya bure, inakubali kompyuta za zamani, na ukiiongezea sf, moja ya paketi zake (programu ndogo za nyongeza), inakuchorea ramani ya mialo pamoja na kilo za dagaa zilizopimwa kila mwalo. R yenyewe inaingia bila shida. Kazi iko kwenye paketi.

Nilianzia Mwanza, kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu 22.04. Rscript, amri ya kuendesha R kutoka terminali, haikuulizi kama unataka maktaba yako binafsi, yaani folda yako ya kuwekea paketi. Ikikuta folda ya mfumo haina ruhusa ya kuandika, inakataa palepale. Kwa hiyo nilitengeneza maktaba kwanza:

mkdir -p ~/R/maktaba
echo 'R_LIBS_USER=~/R/maktaba' >> ~/.Renviron

Kisha nikaagiza sf, na maandishi yote nikayahifadhi kwenye faili:

Rscript -e 'options(timeout=600); install.packages("sf", repos="https://cloud.r-project.org")' 2>&1 | tee kumbukumbu.txt

Hiyo timeout usiiache. Bila yenyewe R inaruhusu kila faili sekunde 60 tu, na mtandao ukilemewa jioni, faili kubwa linakatika njiani huku bando limeshaliwa. Faili likiwa kubwa sana nalivuta kwa wget -c, ambayo huendelea pale ilipoishia, kisha naliweka kwa R CMD INSTALL. Ila R CMD INSTALL haitafuti paketi tegemezi. Hizo lazima ziwe zimeshaingia.

Maandishi yalimiminika kwa muda mrefu, na mwishoni ukabaki mstari unaosema sf imetoka na "non-zero exit status". Wengi huukopi mstari huo na kuomba msaada. Mimi nasema mstari wa mwisho hauna habari yoyote; habari iko kwenye kosa la kwanza kabisa. Nililitafuta hivi:

grep -n 'ERROR\|error:' kumbukumbu.txt | head

Herufi ziache zilivyo, usiongeze -i, maana amri za kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) zimejaa neno -Werror na zitakupoteza. Kosa la kwanza halikuihusu sf hata kidogo. Lilikuwa la paketi ya units, ambayo sf inaitegemea: haikuliona faili la mfumo libudunits2.so. Na mistari michache chini yake units yenyewe ilikuwa imeandika jina la kitu cha kuweka kwa mtu wa Ubuntu: libudunits2-dev. Jibu lilikuwa limekaa hapo likisubiri kusomwa. Baada ya hapo sf ikadai vyake: GDAL ya kusoma mafaili ya ramani, GEOS ya hesabu za maumbo, PROJ ya kubadilisha majira-nukta. Vyote vinaingia kwa amri moja:

sudo apt install r-base-dev libudunits2-dev libgdal-dev libgeos-dev libproj-dev

Paketi nyingine zinaweza kudai zaidi, kutegemea toleo. Utaratibu wa kusoma ni uleule. Mwenye haraka anaweza kuandika sudo apt install r-cran-sf, akapata iliyokwisha kukompailiwa. Toleo lake huwa la nyuma kidogo, lakini kwa ramani ya kawaida linatosha kabisa.

Nansio, mji wa Ukerewe lilipokuwa darasa, ilikuwa habari nyingine, kwa sababu kompyuta za darasa hazikuwa na intaneti. Niliomba kompyuta moja wapo nikavuka nayo kwa kivuko kuja Mwanza, ili kila nitakachopakua kilingane na toleo lao la Ubuntu na R. Ndani ya R yake nikaandika:

dir.create("hazina/src/contrib", recursive=TRUE)
options(repos="https://cloud.r-project.org")
p <- c("sf", tools::package_dependencies("sf", recursive=TRUE)$sf)
download.packages(p, "hazina/src/contrib", type="source")
tools::write_PACKAGES("hazina/src/contrib", type="source")

Itaonya kwamba haikupata methods, utils na wenzake. Usiwe na wasiwasi, hizo zinakuja na R. Mstari wa mwisho ndio unaoifanya folda itambulike kama ghala la paketi. Zile za mfumo nilizivuta kwa sudo apt install --download-only pamoja na majina yaleyale ya juu, mafaili ya .deb yanabaki /var/cache/apt/archives. Yote yakaingia kwenye flashi.

Darasani tuliingia kwenye folda ya .deb, tukaandika sudo apt install ./*.deb, tukakopi hazina kwenda /srv, tukatengeneza maktaba kama nilivyofanya Mwanza, kisha:

Rscript -e 'install.packages("sf", repos="file:///srv/hazina")'

Kwenye kompyuta moja umeme ulikatika katikati. Uliporudi, katibu mmoja akaniita, "Mwalimu, imegoma." Kwenye skrini palikuwa na jina la folda lililoanza na 00LOCK. R huifunga paketi inapoiweka, na umeme ukikatika kufuli linabaki. Nilimwachia aondoe mwenyewe kwa rm -rf ~/R/maktaba/00LOCK-sf, akarudia amri, ikapita.

Kuhakiki, kila mmoja aliandika Rscript -e 'library(sf); sf_extSoftVersion()' na kuona matoleo ya GEOS, GDAL na PROJ. Siku hiyohiyo ramani ya mialo ikatoka. Hazina nimewaachia, wakitaka paketi mpya, mtu mwenye mtandao anaipakua pamoja na tegemezi zake, anaziweka ndani ya src/contrib, na kuendesha write_PACKAGES upya. Asipoiendesha, R haitaziona hata kama mafaili yapo.