Usumba ndani ya viti: nilivyoshona upya ndani ya Volkswagen ya baba

Gari ninaloliandikia hapa ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966, ambalo marehemu baba alilinunua kutoka kwa mwalimu mwenzake hapa Tanga na kuliendesha mpaka macho yake yalipomkataza. Injini yake haijanisumbua sana. Kilichoniumiza kwa miaka mingi ni hali ya ndani: dari lililochanika na kuning'inia, mbao za milangoni zilizovimba kwa unyevu, na zaidi ya yote viti vya mbele.

Viti hivyo havikuharibiwa na umri peke yake. Mwaka 2009 nilivipeleka kwa fundi mmoja aliyenihakikishia kuwa angevirudisha katika hali ya upya, naye akang'oa kila kilichokuwamo ndani, akakitupa, kisha akajaza sponji kutoka chini hadi juu na kuvisha kitambaa kipya. Siku ya kwanza vilipendeza. Lakini nilipokaa kwenye usukani kichwa changu kiligusa dari, kwa sababu sponji lile lilikuwa nene na gumu kuliko kilichoondolewa, na baada ya miaka michache ya kushinda juani lilianza kusagika, likawa linamwaga unga wa manjano sakafuni kila gari lilipopita kwenye shimo.

Jibu nililipata katika kiti cha nyuma, ambacho fundi yule hakukigusa. Nilipofumua ukingo wake niliona springi za chuma chini, juu yake gunia, na juu ya gunia tabaka la nyuzi za kahawia zilizoshikanishwa kwa utomvu wa mpira. Nilichomoa uzi mmoja nikausugua kati ya vidole, nikautambua papo hapo: ulikuwa usumba, uleule ambao bibi yangu kule Pangani alikuwa akiusokota kamba za kitanda. Gari lililoundwa Ujerumani, mahali ambapo mnazi hauoti, lilikuwa limekaa miaka yote hiyo na makumbi ya nazi ndani ya viti vyake, na sisi watu wa pwani tulikuwa tukiyatupa ili tuweke sponji.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba anayetaka kushona upya viti vya gari la zamani anapaswa kwanza kuelewa kwa nini vilijazwa jinsi vilivyojazwa. Katika kiti cha aina hii, springi ndizo zinazobeba uzito wa mtu. Kazi ya usumba ni kuusambaza uzito huo na kumkinga asizihisi springi, huku ukiacha hewa ipite chini yake, jambo ambalo katika joto letu si dogo. Ukijaza sponji tupu, umelitwika sponji mzigo wa springi, nalo litabonyea na kunyonya jasho kwa wakati mmoja.

Kijana wa mtaa wa Ngamiani niliyemwomba tushirikiane kazi hii alikuwa na shaka. "Mzee wangu, sponji la inchi nne linatosha, usumba wa nini tena?" Nilimwambia, "Mwanangu, kaa kwanza kiti cha nyuma, kisha uje ukae huku mbele." Alikaa, akahama, akarudi nyuma tena. Akaniuliza usumba unauzwa wapi.

Tuliupata Pangani, kwa akina mama ambao bado wanafukia makumbi kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha huyaponda na kutoa nyuzi. Usumba wa namna hiyo una chumvi, na chumvi ikibaki ndani ya kiti itakila chuma, kwa hiyo tuliuosha kwa maji baridi ya bomba mara tatu na kuuanika siku nne. Wakati huohuo tulizisugua springi kwa brashi ya waya, tukazipaka rangi ya kuzuia kutu, na tatu zilizokatika tukazibadilisha. Juu yake tulitandika gunia la katani, ambalo kwa mtu wa Tanga si la kutafuta mbali. Kijana alichambua nyuzi kwa mkono hadi zikawa kama pamba iliyofumuliwa, akazipanga kwa unene wa kiti cha nyuma, kisha tukazishikiza kwenye gunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, kwa mishono mirefu iliyoachana kwa shubiri moja. Mwisho tulifunika kwa marekani, kile kitambaa cha pamba, ili nyuzi zisichome kupitia ngozi bandia ya juu.

Ngozi hiyo, ya vinili yenye vijiraba vidogo kama msuko wa mkeka, ina tabia moja ambayo kila mshonaji anapaswa kuiheshimu: haisamehe. Kitambaa ukikifumua tundu la sindano hujifunga. Vinili hubaki na tundu hilo daima, na mishono ikikaribiana mno hukatika kwenye mstari wa matundu kama stempu. Tulishona kwa hatua ya milimita 4 hivi, kwa uzi wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza. Kabla ya kuvivisha viti tuliyaacha magamba yake, yaani vifuniko vya vinili tulivyokwisha kushona, juani saa sita mchana kwa nusu saa, yakalainika, tukayavuta na kuyanasa kwenye meno ya fremu bila mikunjo.

Dari lilitutaka tutoe vioo vya mbele na nyuma, kwa kuwa kingo zake hugundishwa chini ya mpira wa vioo hivyo. Fito za chuma zinazolishikilia hazilingani urefu, hivyo tulizipa namba kabla ya kuzitoa. Mbao za milango tulizikata upya kwa hadibodi, tukatanguliza karatasi ya plastiki nyuma yake, maana maji ya mvua yanayopita kwenye kioo ndiyo yaliyozivimbisha.

Kuna jambo moja ambalo namwomba kila mwenye gari kama hili alisome mara mbili. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Springi zikilegea na abiria mzito akakaa hapo, chuma kinaweza kugusa vichwa vya betri, cheche zikatoka, na usumba mkavu ukashika moto; magari ya aina hii yameungua kwa sababu hiyo. Kifuniko cha asili cha betri yetu kilikuwa kimeshapotea, tukatengeneza kingine kwa mpira mnene na mkanda wa kukifunga. Kisha, waya zikiwa zimetolewa, niliweka madonge ya udongo wa mfinyanzi juu ya kifuniko, nikarudisha kiti, nikamwomba mjomba wangu, mwenye kilo zaidi ya 100, akae juu yake na kujitikisa kwa nguvu. Alipoinuka na tukakiinua kiti, madonge yalikuwa na unene wa vidole viwili, hayakuwa na alama ya springi hata moja. Nikayatoa, nikaunganisha waya, na kiti kikarudi mahali pake.