Laini mbili za intaneti kwenye nyumba moja: nilivyofanya hapa Kigoma

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika kwenye kompyuta. Wateja wako Dar es Salaam na Dodoma, mimi niko Mwanga, Kigoma mjini. Miaka miwili nilitegemea faiba peke yake, na ikiwa nzima sina malalamiko nayo. Shida ni ikikatika. Msimu wa mvua uliopita walikuwa wanachimba mtaro upande wa barabara ya Mwandiga, katapila likakata waya, tukakaa siku tatu bila mtandao. Kazi ya mteja nilikuwa nimeshaimaliza, ila kuituma ndiyo ilikuwa mtihani: nikaunganisha simu, bando likaisha faili likiwa nusu. Mteja yule hakunipa kazi tena, na iliniuma sana.

Nikaamua kuongeza laini ya pili, ruta ya 4G ya kuweka laini ya simu. Kabla ya kununua nilijiuliza swali moja: je, siku ile waya ulipokatwa, nani mwingine alikosa mtandao? Majirani waliotumia laini ya simu ya kampuni ileile ya faiba nao data zilikuwa zimekufa. Wa kampuni nyingine walikuwa wanaangalia video kama kawaida. Basi nikachukua ya kampuni nyingine. Ukichukua zote mbili mahali pamoja, siku ya msiba zinakwenda pamoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchomeka vifaa vyote viwili, modemu ya faiba na ruta ya 4G, kwenye swichi moja (kisanduku cha kuunganisha waya za mtandao wa nyumbani), nikidhani kompyuta zitachagua zenyewe. Ikawa vurugu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anasoma Chuo Kikuu Huria na anakaa kwetu. Akaniita kutoka chumbani: "Shemeji, kwangu inafungua, mbona printa haionekani?" Kwangu printa ilionekana, mtandao haufunguki. Kila kifaa kati ya hivyo viwili kilikuwa kinagawa anwani za mtandao kwa vifaa vya nyumbani, na aliyewahi kujibu ndiye aliyesikilizwa. Zaidi ya hapo, vyote viwili vilikuwa vimejipa anwani ileile, 192.168.1.1. Ni kama nyumba mbili mtaa mmoja zenye namba moja; mpeleka barua hajui abishe wapi.

Dawa yake ni kifaa cha kukaa katikati, chenye matundu mawili ya kupokea intaneti. Niliagiza ruta iitwayo MikroTik hEX kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi. Ina matundu matano. Faiba nikaiweka tundu la kwanza, 4G la pili, nyumba nzima ikabaki na matatu. Ruta ya 4G nikaibadilisha anwani iwe 192.168.8.1 ili zisigongane. Tundu la pili linakuja likiwa upande wa nyumbani, kwa hiyo nililitoa huko na kuliandikisha kwenye orodha ya WAN, yaani upande wa nje. Hatua hii ya orodha niliiruka mwanzoni. MikroTik ikawa inahamia 4G vizuri, lakini hakuna ukurasa unaofunguka, kwa sababu data ilitoka na anwani za ndani, na majibu hayakujua njia ya kurudi.

Kisha nikaipa faiba umbali 1 na 4G umbali 2. Namba ndogo ndiyo inayotangulia. Ikifa, ya pili inashika. Nikachomoa waya wa faiba kwenye MikroTik, ikahamia. Nikamwambia mke wangu tumemaliza.

Wiki iliyofuata faiba ikakatika kweli, na hakuna kilichohama. Hapo ndipo nilipojifunza kiini cha jambo hili lote. MikroTik ilikuwa inaiuliza modemu ya faiba, "Upo?", nayo inajibu "Nipo", maana iko hapohapo juu ya kabati, ina umeme, taa zinawaka. Ilikuwa hai, kilichokufa kilikuwa mbele yake, kilomita kadhaa nje ya nyumba yangu. Ruta inatakiwa imuulize mtu aliye mbali. Nikachukua anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, nikaifunga ipitie faiba tu, halafu njia kuu ya faiba ikategemea anwani hiyo kujibu. MikroTik huuliza kila sekunde 10, na isipojibiwa mara mbili huihesabu njia imekufa. Kwa hiyo ndani ya nusu dakika hivi tunakuwa tumeshahamia 4G, na faiba ikipona inarudi yenyewe.

Mtego mmoja uko hapo: anwani uliyoifunga kwenye faiba usiitumie kuwa DNS ya nyumba, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake. Faiba ikifa, anwani hiyo nayo haifikiki, na kompyuta zinashindwa kutafuta jina la tovuti yoyote ingawa 4G inafanya kazi. Mimi DNS niliweka 1.1.1.1.

Wengi wananiuliza kwa nini nisizitumie zote mbili kwa pamoja nipate kasi maradufu. Nilijaribu. Faili moja likipakuliwa hupita laini moja tu, kwa hiyo kasi ya faili hilo haiongezeki; faida ipo pale watu wengi wanapotumia kwa wakati mmoja. Halafu tovuti ya benki ikawa inanitoa nje kila mara, kwani iliniona naingia kwa anwani moja na kubonyeza kwa nyingine. Kwa nyumba ya watu watano, na laini ya pili ikiwa ya bando, naona heri moja ifanye kazi na nyingine isubiri. Televisheni nimeizuia kabisa isipite kwenye 4G. Watoto walinung'unika siku mbili, lakini jioni moja ya katuni ilikuwa inatosha kumaliza GB zangu za wiki.

Na umeme. Laini mbili hazina maana kama vifaa vyote vinazimika TANESCO wakikata. Nilinunua betri ndogo ya ruta ya volti 12, nikatazama kwanza nyuma ya kila kifaa kimeandikwa volti ngapi, nikaunganisha vyote vitatu. Inanipa saa mbili na kidogo, na hizo zinanitosha kumaliza kutuma kazi.

Mwezi wa tatu mvua kubwa ilitokea upande wa ziwa, shemeji akiwa kwenye kipindi chake cha video. Picha yake iliganda, mwalimu akanyamaza, kisha akarudi: "Tulikuwa tumefika wapi?" Kipindi kikaendelea mpaka mwisho kwa 4G.

Kila Jumamosi asubuhi naipima. Sichomoi tena waya ulio kati ya modemu na MikroTik. Nachomoa ule mwembamba wa faiba unaoingia kwenye modemu yenyewe, nauvalisha kifuniko chake usiingie vumbi, naangalia saa, nasubiri. Jumamosi iliyopita ilichukua sekunde 22.