Ukurasa wa 214

Leo nimeshinda na kumbukumbu za rufaa, yaani maandishi ya kesi yetu yanayopelekwa kwa majaji wa rufaa. Mafaili manne, kurasa 600 na ushee, na hamu yangu yote ilikuwa kwa ukurasa mmoja tu, ule ambao barua yetu inapokelewa.

Barua yenyewe iliandikwa na mnunuzi. Anamwambia mteja wangu, mama mmoja anayeuza vipuri vya mashine, kwamba mzigo ukichelewa wiki 6 yeye hana neno. Baadaye akakataa kulipa, akidai tarehe ilipita na mkataba umevunjwa, na jaji akakubaliana naye. Kila mama aliponipigia nilimjibu hivyo hivyo: tulia mama, barua ipo.

Ukurasa wa 214, wakili wa upande wa pili anapinga: hii ni nakala, halisi iko wapi? Jaji anaamuru ipewe alama ya utambuzi tu, halisi ikija itolewe kama kielelezo. Nikafunua 215, 216, nikaenda hadi ushahidi wetu ulipofungwa. Hakuna mahali niliposimama kuitoa. Na halisi ililetwa, kesho yake tu, ndani ya bahasha ya kaki, kwenye mkoba wangu. Siku hiyo shahidi wetu wa pili alijikanyaga kwenye hesabu za ankara, nikahangaika naye mpaka shauri likaahirishwa, nikaondoka na bahasha yangu.

Hati yenye alama ya utambuzi si ushahidi. Hilo hata mwanafunzi wa sheria analijua. Majaji wa rufaa hawaiti mashahidi upya. Wanasoma kilichoandikwa chini, basi.

Nikafikiria kuomba ruhusa ya kuleta ushahidi mpya. Kigezo kinachotajwa sana ni cha kesi ya Ladd dhidi ya Marshall, Uingereza, 1954: ushahidi uwe haungeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida wakati wa kesi, uwe na uzito wa kugusa matokeo, na uonekane wa kuaminika. Mawili ya mwisho hayanitishi. Lile la kwanza niape vipi, nami nilikuwa nimeining'iniza begani?

Jioni nikarudia Hadley dhidi ya Baxendale ya 1854. Nilikuwa naitafuta kwa jambo jingine la fidia. Ekseli ya kinu huko Gloucester ilivunjika, ikapelekwa Greenwich iwe kielelezo cha kuundia mpya, msafirishaji akachelewa. Baraza la wazee wa mahakama (jury) likawapa wenye kinu pauni 25. Mahakama ya juu ikaamuru kesi isikilizwe upya, kwa kuwa hasara ya kinu kusimama haikuwa kitu ambacho pande zote mbili zilikitarajia wakati wa kufunga mkataba. Wengi tunaikumbuka kwa kanuni hiyo. Mimi leo nilikwama kwingine. Maelezo ya awali ya ripoti yanasema karani wa msafirishaji aliambiwa kinu kimesimama. Hukumu yenyewe inajengwa kana kwamba hakuambiwa hilo, alijua tu kwamba ni ekseli ya kinu iliyovunjika. Huenda mtu alisimama kwenye kaunta ile akasema kila kitu. Haikumsaidia.

Kilichobaki kwetu kiko ukurasa wa 431. Meneja wa mnunuzi, nikimhoji, anakiri kwamba alipokea mizigo 2 baada ya tarehe ya mwisho bila kulalamika. Kumwamini au kutomwamini shahidi ni kazi ya jaji aliyemwona, na majaji wa rufaa hawapendi kuiingilia. Lakini hapa hakuna anayebishana na maneno ya meneja. Swali ni la kisheria: kupokea hivyo si kuachilia ile tarehe? Nimefuta sababu 9 za rufaa kati ya 11, zile za "jaji alikosea kisheria na kimantiki" tunazoandika ili ukurasa ujae.

Kisha nikampigia mama. Nikamwambia kosa ni langu, na kwamba ana haki ya kutafuta wakili mwingine, hata wa kunishtaki.

"Barua si unayo hapo mkononi, wakili?"

"Ninayo."

"Na wao hawaruhusiwi kuisoma."

Nikasema ndiyo, hawaruhusiwi. Akanyamaza kidogo, akauliza siku za kuwasilisha rufaa zimebaki ngapi. Nikamtajia. Akasema niendelee na huo ukurasa wa meneja, ila barua yake nimrudishie.